Mama Milka Anaondoka na Kifuniko Chake

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, saa kumi na moja jioni, Mama Milka Adongo atazima kompyuta ya chumba cha usanifu, aifunike kwa kile kitambaa chake cha kufuma, na kutoka mlangoni akiwa mstaafu. Atakuwa ametumikia kiwanda chetu cha uchapaji, Wino wa Ziwa, kwa miaka thelathini, miezi minane na siku ishirini na mbili. Hesabu hiyo nimeifanya bila kikokotoo. Wale wa ofisi ya juu wanaopenda kukumbusha watu kwamba mimi na shule tuliachana kidato cha pili, wahesabu upya kisha waje tuongee.

Mkurugenzi wetu, Bwana Saleh, alitaka makala haya yaandikwe na mtu anayemjua Mama Milka vizuri, mwenye Kiswahili safi na adabu. Mtu wa namna hiyo hakupatikana, nikapewa mimi. Oketch wa mashine ya kuchapa naye alijitolea, lakini Oketch akiandika sentensi mbili lazima apumzike na chai.

Mama Milka ni mzaliwa wa Pap Onditi, Nyakach. Aliingia hapa Jumatatu tarehe 6 Machi 1995 akiwa na miaka thelathini, cheti cha kupiga taipu, na viatu ambavyo Oketch anasema vilisikika kutoka getini. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupiga mitihani ya shule za msingi kwa taipureta ambayo herufi yake ya "k" ilikuwa imevunjika mguu. Alipiga mtihani mzima, kisha akachukua kalamu nyeusi na kuirudishia kila "k" mguu wake, moja baada ya nyingine, ukurasa baada ya ukurasa. Kuna wakubwa wa maofisi mjini Kisumu leo waliofanya mitihani hiyo na hawajui kwamba kila "k" waliyoisoma ilikuwa imetibiwa kwa mkono.

Kutoka kwenye taipureta alihamishiwa meza ya kupanga kurasa. Zama hizo ukurasa ulipangwa kwa wembe na gundi: unakata mstari, unabandika, ukipiga chafya unaanza upya. Kompyuta ya kwanza ilipofika mwaka 2001, watu waliiogopa kama mgeni wa serikali. Oketch alivua viatu kabla ya kuingia chumbani mwake. Mama Milka alikaa nayo siku tatu, kitabu cha maelezo mapajani, na siku ya nne akatoa kalenda ya duka la vyuma. Katika kalenda hiyo mteja alikuwa ameipa Februari siku thelathini. Mama Milka aliziondoa mbili kabla ya kuchapa, na mteja akalalamika kwamba amepunjwa.

Tangu hapo kila kilichotoka kiwandani humu kimepita mikononi mwake: vitabu vya nyimbo za kanisa, kadi za kliniki, kadi za harusi, na zaidi ya yote vijitabu vya mazishi, vile vyenye picha na historia ya marehemu ambavyo kila familia ya huku hutaka viwe tayari kabla mwili haujatoka mochari. Amefundisha watu kumi na mmoja kazi hii. Wengine wana vibanda vyao vya uchapaji Migosi, mmoja yuko Port Victoria kwetu na anajiita mkurugenzi. Wa kumi na moja ndiye bora kuliko wote, lakini sitaki kujitaja.

Chumbani mwake kulikuwa na sheria. Ya kwanza, hakuna kula karibu na kompyuta. Sheria hii ilizaliwa siku alipofungua kibodi iliyokataa kuandika "n" na kukuta kichwa cha omena, dagaa wa ziwani, chini ya herufi hiyo, kikimtazama. Mwenye omena hajajulikana mpaka leo, ingawa Oketch aliacha ghafla kubeba chakula cha mchana.

Sheria ya pili ilikuwa swali. Kitu kikiharibika, hagusi waya, hafungui kitu, hagombi. Anakaa, anakutazama juu ya miwani, na kukuuliza umegusa nini mwisho. Hilo tu. Nimeona mafundi wenye mikoba wakija hapa na kuanza kufungua skrubu kabla ya salamu. Mama Milka na swali lake moja amewashinda wengi. Siku moja alilirudia mara nne kwa skrini iliyokuwa ikizima yenyewe, kila mtu akiapa hajagusa kitu. Alipofungua kasha la kompyuta alimkuta mjusi amelala juu ya feni, amenona kuliko sisi. Huyo ndiye mtu pekee aliyewahi kumsamehe bila jibu.

Na kulikuwa na kifuniko.

Kifuniko hicho ni cha kopo la mafuta ya kujipaka, cha bati, duara kama kiganja cha mtoto. Kila asubuhi, kabla ya kazi, Mama Milka huchora duara kwenye skrini kwa kipanya, kisha huliwekea kifuniko juu ya kioo. Duara likilingana na kifuniko, anaanza kazi. Lisipolingana, hafanyi chochote mpaka lilingane. Mimi nilipoajiriwa na kuona mama mzima akibandika kifuniko cha mafuta kwenye kioo, nilicheka hadi Winny wa mapokezi akaja kuuliza kuna nini. Nilisema kompyuta za siku hizi zinajipima zenyewe. Mama Milka alifuta kioo kwa pindo la leso, akaendelea na kazi.

Yaliyotokea Alhamisi moja ya Julai mwaka huu yanajulikana na wafanyakazi wote, lakini kila mmoja anayasimulia akijipa sehemu kubwa. Hapa nayaweka sawa. Mteja aliyehusika, Mama Benta, ambaye amealikwa kwenye sherehe, aliniruhusu niandike kwa sharti moja: nisijitetee. Nitajaribu.

Wiki hiyo kompyuta ya usanifu ilikuwa imeongezewa kadi mpya ya picha, ile sahani yenye feni inayochomekwa ndani ya kasha ili kompyuta ifungue picha kubwa bila kuhema. Niseme vizuri: ilikuwa imenunuliwa, bado iko kwenye boksi. Mama Milka alikuwa ameagiza isubiri, kwa sababu Alhamisi asubuhi alikuwa anakwenda kufuatilia karatasi zake za pensheni na angeiweka mwenyewe akirudi. Alipotoka tu, mimi nilichukua bisibisi. Nilimwambia Oketch kwamba mama akirudi atakuta kazi imekwisha na atastaafu kwa amani. Oketch akasema mimi ni kichwa. Nakumbuka maneno hayo kwa sababu ameyakana tangu siku hiyo.

Kadi iliingia vizuri. Skrini ikawa nyeusi. Nikatokwa jasho kidogo, kisha nikagundua kebo ya monita bado ilikuwa kwenye tundu la zamani badala ya tundu la kadi mpya. Matundu hayakufanana, nikapekua droo, nikaokota kibadilishi cha kuunganisha kebo ya zamani na tundu jipya. Skrini ikawaka. Nilijipongeza kwa sauti.

Ila picha ilikuwa ya ajabu. Alama za skrini zilikuwa kubwa kama mandazi, na kila kitu kilikuwa kimepanuka upande, kama mtu amekikalia. Nilitafuta mahali pa kubadilisha ukubwa, nikakuta orodha yenye vipimo viwili tu, vyote vidogo. Oketch aliuliza kama hiyo ni sawa. Nikamwambia kadi kali huonyesha vitu vikubwa ili macho yasichoke. Aliridhika. Hata mimi niliridhika, na hapo ndipo palipokuwa na hatari.

Kazi ya siku ilikuwa kijitabu cha mazishi cha Mwalimu Ondiek, mume wa Mama Benta, aliyeongoza kwaya ya kanisa lao Ahero miaka mingi. Nakala mia nne, za kuchukuliwa saa kumi na moja jioni, maana mwili ungetoka mochari Ijumaa asubuhi na mapema. Mama Milka alikuwa amekwisha kupanga kurasa zote Jumatano. Yangu ilikuwa kuzituma tu zitengenezewe pleti, yale mabamba ya kuchapia ya mashine. Lakini nilipofungua, nilimwona Mwalimu Ondiek amevimba katika picha zote kumi na nne. Herufi nazo zilikuwa pana, nikadhani ni mtindo wa Mama Milka. Picha, hapana. Nikasema hizi zimepigwa kwa simu mbaya, acha nimsaidie marehemu. Nikazibana moja moja kutoka pembeni mpaka jicho langu likakubali, nikahifadhi juu ya kazi ya mama, nikatuma. Saa nane mchana mashine ya Oketch ilikuwa inanguruma.

Mama Benta alifika saa nane na nusu, mapema kuliko alivyoambiwa, kwa sababu nyumba yenye msiba haina mahali pa kukaa ukisubiri. Akachukua karatasi moja mezani, yenye picha ya jalada, akaiangalia muda mrefu. Mama Milka alikuwa ndiyo kwanza anaingia na bahasha zake za pensheni. Mama Benta hakumgeukia. Alisema polepole, kama anasoma:

"Huyu ni yule wa hospitali."

Kwa wasiojua, Mwalimu Ondiek alikuwa mtu mwenye mwili. Picha ile ya jalada ilipigwa siku ya sikukuu ya kwaya, akiwa na shati jeupe ambalo kifungo chake cha tatu kilikuwa kimeshikilia tumbo kwa nguvu zake za mwisho. Kisha ugonjwa ulimchukua miezi minane na kummaliza nyama yote. Mama Benta alipoleta picha Jumanne, alikuwa amezichagua zote za kabla ya ugonjwa, na aliomba jambo moja peke yake: watu wamwone vile alikuwa. Sasa alikuwa ameshika karatasi yenye mtu mwembamba, mashavu yameingia, shati linaning'inia. Nilikuwa nimemrudishia mgonjwa wake, nakala mia nne.

Mama Milka alimshika mkono. Angeweza kusema ni kompyuta. Angeweza kusema ni mimi, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale kama kabati.

"Nyaminwa, dada yetu, kosa ni letu," alimwambia. "Keti hapa na Winny. Saa kumi na moja utamchukua vile ulivyomleta."

Akamwashiria Oketch azime mashine, akaingia chumbani. Nikamfuata. Akakaa, akanitazama juu ya miwani.

"Umegusa nini mwisho?"

Nilianza mbali, nikaeleza jinsi kadi ilivyokuwa kali. Akasubiri. Nikamaliza maneno, nikasema: kadi, kebo, kibadilishi, picha. Ndipo akachora duara kwenye skrini na kuweka kifuniko. Duara lilikuwa yai lililolala, limetokeza masikio mawili pande zote za bati. Mwalimu Ondiek hakuwa amevimba hata kidogo. Skrini ndiyo ilikuwa imenyoosha kila kitu upande, nami nikambana mtu mzima ili alingane na uongo wa kioo.

Kurekebisha picha kwa jicho kwenye skrini ile ilikuwa sawa na kupima unga kwa kikombe kilichotoboka. Kompyuta nyingine, ya Winny, haina programu ya usanifu. Kwa hivyo skrini ilipaswa kupona kwanza, na saa zilikuwa mbili na nusu kabla ya ahadi.

Alianza na kile mafundi huita draiva, programu inayoifundisha kompyuta kuitumia kadi. Sikuwa nimeiweka. Ilikuja kwenye sahani ya diski ndani ya boksi, na kompyuta yetu haina tundu la diski, kwa hivyo nilikuwa nimeiwekea kikombe changu cha chai juu. Mama Milka alisoma namba ya kadi kwenye boksi, akaingia kwenye tovuti ya watengenezaji kwa intaneti ya simu ya Winny, akaipakua. Ilichukua dakika ishirini na tano, nami nilizihesabu zote. Akaiweka, akazima kompyuta, akaiwasha.

Yai bado lilikuwa yai.

Bwana Saleh alikuwa amesimama mlangoni. Alipiga simu kwa fundi wa mjini, fundi akasema atapita kesho. Kesho mwili ungekuwa njiani kwenda Ahero. Nilimsikia Bwana Saleh akipumua kwa pua, ile pumzi ambayo kwa kawaida hufuatwa na barua, nikaanza kufikiria kama kuna kazi ya kuvua samaki Port Victoria kwa mtu asiyejua kuogelea.

Mama Milka aliinama chini ya meza na miaka yake sitini. Hakutazama kadi. Alishika kebo mahali inapotokea kwenye monita, akaifuata kwa vidole, sentimita kwa sentimita, mpaka akafika kwenye kile kibadilishi changu. Akakichomoa, akakiangalia kwenye mwanga wa dirisha. Pini moja ilikuwa imekatika. Alinieleza akiwa amepiga magoti: kupitia pini kama hiyo ndipo monita huiambia kompyuta ukubwa wake, na ikikatika, kompyuta haijui inazungumza na nani, inabahatisha, na hubahatisha kipimo kidogo ili isiharibu. Draiva ilikuwa sawa sasa, kadi ilikuwa sawa tangu mwanzo. Kilichohitajika ni kebo mpya, ile ya moja kwa moja iliyokuja na monita Januari.

Kebo hiyo ilitafutwa kila mahali. Mwishowe Oketch alikohoa, akasema huenda anaifahamu. Alikuwa ameitumia tangu Januari kufungia mlango wa stoo ya karatasi, kwa mafundo matatu. Kuyafungua kulimchukua dakika nane, na mlango ulipoachia ulimgonga. Sikucheka. Leo naweza kucheka.

Kebo ilipochomekwa skrini ilizima, ikakaa kimya kiasi cha kunitoa roho, kisha ikawaka. Kila kitu kilikuwa kimejikunja na kurudi mahali pake, alama ndogo, herufi nyembamba, mandazi hakuna. Orodha ya vipimo ilikuwa ndefu kama ya wageni wa harusi. Mama Milka akachagua cha monita yetu, akachora duara, akaweka kifuniko. Bati lilifunika duara lote. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi.

Nilidhani ataniambia nisogee. Badala yake alisimama, akanipa kiti chake, akachukua stuli na kukaa nyuma yangu na kifuniko mkononi. Nikarudisha picha zote kumi na nne, moja moja, na kila mara nilipotaka kukimbia alinigonga begani kwa bati. Pleti mpya zikatoka, Oketch akachapa bila kuomba chai, sote tukakunja kurasa na kubana pini, hata Bwana Saleh akiwa amekunja mikono ya kanzu.

Saa kumi na moja na dakika kumi na mbili Winny alimpelekea Mama Benta nakala ya kwanza. Tulikuwa tumechelewa dakika kumi na mbili, naziandika kwa sababu Mama Milka hadi leo anazitaja. Mama Benta alitazama jalada. Akapitisha kidole juu ya kifungo cha tatu.

"Ee," alisema. "Sasa shati linambana."

Akacheka, kisha akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwa, akacheka tena. Alibeba maboksi yake, akatuaga kila mmoja kwa mkono, hata mimi.

Wiki iliyofuata Bwana Saleh alimwita Mama Milka kuhusu nani atarithi kiti chake. Alikuwa anafikiria kutafuta mtu wa digrii, na kuhusu mimi alikuwa anafikiria mambo mengine. Winny, ambaye hasikilizi milangoni ila hupita polepole, alituletea jibu la mama neno kwa neno: "Huyu kosa hili ameshalifanya. Huyo wa digrii bado, na atakuja kulifanya kwa mteja mwingine."

Hivyo ndivyo nilivyopata kiti. Tangu Julai amenifundisha kila siku, na nimejifunza kusubiri, jambo ambalo mama yangu mzazi alishindwa kunifundisha. Nilimwomba aniachie kifuniko kama kumbukumbu. Akakataa katakata, akasema mafuta yake bado hayajaisha. Ilibidi ninunue kopo langu. Nina kifuniko sasa, na mkiniona miguu inang'aa mnajua sababu.

Mama Milka, unarudi Pap Onditi kwenye kuku wako, sukuma wiki yako na wajukuu wako watatu. Umesema huko hutagusa runinga ya mtu. Hatuamini. Jirani wa kwanza atakayelalamika kwamba watangazaji wa habari wamenenepa ghafla, tunajua utatoka na kopo mkononi na kumuuliza swali lile.

Asante kwa miguu ya "k" zote, kwa siku mbili za Februari, na kwa alasiri ile ambayo ungeweza kunyoosha kidole na hukunyoosha. Wino wa Ziwa inakutakia pumziko refu, afya ya kutosha kuwafukuza kuku, na siku njema nyingi nyumbani kwako.

Picha yako iliyo juu ya makala haya nimeipanga mimi. Niliipima kwa kifuniko mara tatu, na Oketch akarudia mara ya nne. Hatujakupunguza, hatujakuongeza. Ndivyo ulivyo.

Wechuli, chumba cha usanifu